Gari la Zamani Linapogoma Kuwaka: Pima Umeme Ukiwa Kazini

Gari la zamani likigoma kuwaka, fedha za kwanza huenda kwenye betri. Lisipowaka bado, inafuata stata (mota inayozungusha injini ili iwake), kisha alternata (inayochaji betri injini ikifanya kazi), na mwenye gari anajikuta na vifaa vipya vitatu na tatizo lile lile. Ubovu mwingi wa umeme kwenye magari ya umri huo hauko ndani ya vifaa hivyo. Uko katikati yao: kwenye teminali yenye kutu, kwenye waya wa ethi (wa kurudisha umeme betri) uliooza ndani ya mpira wake, kwenye swichi ya ufunguo ambayo shaba zake zimelika kwa miaka ya kuwashwa na kuzimwa. Stata mpya ikifungwa mwisho wa njia mbovu itazunguka kivivu kama ile iliyotolewa.

Ubovu wa namna hiyo hauonekani gari likiwa limelala. Mita ya dijiti hunywa mkondo mdogo mno, kwa hiyo waya wenye nyuzi nyingi za shaba ukikatika ukabaki uzi mmoja tu, mita itaonyesha volti 12 zote upande wa pili na utaapa kwamba waya ni mzima. Zidai hapo ampea 150, kiasi cha kawaida kwa stata ya injini ndogo ya petroli, na ukweli unatoka. Volti zinazopotea njiani ni ampea mara omu, kipimo cha ukinzani. Kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuupima kwa uhakika, kinameza volti 3 kwa mkondo huo. Betri yenyewe ikiwa imeshuka hadi 10.5 kwa uzito wa kazi, stata inabaki na takriban 7.5, na hapo injini inajikongoja au inakataa kabisa. Ndiyo maana vipimo vingi hapa chini vinachukuliwa mkondo ukiwa unapita.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Mita ya dijiti ya kawaida, nyaya mbili ndefu zenye klipu, brashi ya waya, msasa laini, na taa ya majaribio iliyotengenezwa kwa balbu ya indiketa ya wati 21. Balbu hiyo hunywa karibu ampea 1.75, kwa hiyo kiungo chenye ukinzani mkubwa kitaiwasha kwa mwanga hafifu na kujisaliti hapo hapo. Onyo moja: taa hiyo ni ya nyaya za taa, feni, honi na vitu vya namna hiyo. Usiigusishe kwenye nyaya za kompyuta ya injini. Mkondo wake unatosha kuunguza sakiti za ndani.

Kabla ya lolote, weka gia huru, vuta breki ya mkono, vua pete na saa. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, kwa hiyo moto na cheche zikae mbali. Na stata isipigwe zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipe dakika moja au mbili ipoe, kwa sababu haina namna nyingine ya kutoa joto.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Washa taa kubwa, kisha geuza ufunguo huku ukiangalia mwanga na kusikiliza. Dalili hizi mbili zikisomwa pamoja zinapunguza nusu ya kazi.

Kukiwa kimya na taa zisipungue mwanga hata kidogo, stata haijaombwa kufanya kazi. Agizo limekatika kabla ya kuifikia: swichi ya ufunguo, relei (swichi inayowashwa kwa mkondo mdogo), waya mwembamba wa solenoidi (swichi ya sumaku iliyo kwenye stata), au swichi ya usalama. Kwenye gari la otomatiki swichi hiyo iko kwenye gia na huruhusu stata kwenye P na N tu; ukisukuma mkono wa gia kidogo huku na kule au ukijaribu N na gari likawaka, umeshaipata. Baadhi ya magari ya gia za mkono yana swichi kama hiyo kwenye pedali ya klachi.

Taa zikizimika kabisa mara tu unapogeuza ufunguo, na zikirudi unapouachia, karibu kila mara ni teminali ya betri iliyolegea au yenye kutu. Mguso mdogo uliobaki unatosha taa lakini hautoshi stata.

Mlio wa haraka wa tak-tak-tak una maelezo yake. Ndani ya solenoidi kuna koili mbili: ya kuvuta, yenye nguvu, na ya kushikilia, yenye mkondo mdogo. Zikishirikiana zinavuta chuma cha kati hadi kwenye shaba kubwa, stata inapata umeme, na sekunde hiyo hiyo volti zinaanguka kwa sababu betri ni dhaifu au njia ni mbovu. Koili ya kushikilia inashindwa, chuma kinarudi, volti zinapanda, kinavutwa tena. Kwa hiyo mlio huo unasema solenoidi ni nzima. Kinachokosekana ni nguvu.

Mlio mmoja mzito, kisha kimya, ni habari nyingine. Taa zikibaki na mwanga wake, shaba za solenoidi zimelika au kaboni za stata zimeisha. Taa zikififia sana, kuna kitu kinavuta mkondo mwingi bila kuzunguka: stata iliyokwama, au injini yenyewe iliyokamata. Zungusha injini kwa mkono ukitumia spana kwenye boliti ya puli kabla ya kuilaumu stata. Na ukisikia stata ikizunguka kwa kasi na sauti nyembamba huku injini imetulia, tatizo ni bendiksi (gia ndogo ya stata) inayoteleza au meno ya flaiwili (gurudumu la injini linaloshikwa na gia hiyo) yaliyolika sehemu moja.

Betri: kupumzika na kufanya kazi ni mambo mawili

Betri nzima iliyojaa na kupumzika saa chache husoma volti 12.6 hadi 12.7. Kwa 12.4 imebaki na robo tatu hivi, kwa 12.2 nusu, na kwa 12.0 iko karibu na robo. Gari likiwa limetoka kuendeshwa, namba hizo zinadanganya kwa sababu ya chaji ya juu juu. Washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, ndipo upime.

Kisha pima wakati wa kazi. Mita kwenye betri, msaidizi apige stata. Betri iliyojaa isiyoshuka chini ya volti 9.6 mpaka mwisho wa sekunde 10 inastahili kuaminiwa. Ikiporomoka hadi 7 au 8 licha ya kuwa ilisoma 12.6 ikiwa imepumzika, seli moja imekufa au bamba zake zimejaa salfa. Kinyume chake kina maana kubwa zaidi na wengi hawakitilii maanani: stata ikizunguka kivivu huku betri imebaki juu ya 11, betri haina kosa. Umeme haufiki unakohitajika.

Teminali zisafishwe hata zikionekana safi. Fungua hasi kwanza, kisha chanya. Kurudisha ni chanya kwanza, hasi mwisho. Ukifuata mpangilio huo, spana ikigusa bodi wakati unafungua chanya haitapiga shoti. Unga mweupe au wa kijani huondoka kwa kijiko kikubwa cha baikaboneti ya soda kwenye robo lita ya maji. Zuia maji hayo yasiingie ndani ya seli, yataua asidi. Nguzo ya risasi ya betri na sehemu ya ndani ya teminali zisuguliwe mpaka zing'ae, zifungwe kavu, zikazwe, ndipo vaselini ipakwe juu. Kabari za vijiti, misumari na karatasi za alumini zinazobanwa kwenye teminali iliyopanuka ziondolewe, na teminali ibadilishwe.

Kuutafuta upotevu wa volti

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Zuia injini isiwake: kwenye gari la petroli lenye distribyuta (kigawanya cheche za plagi) chomoa waya mwembamba wa chanya kwenye koili ya cheche, kwenye la sindano za petroli toa fyuzi ya pampu, na kwenye dizeli chomoa waya wa solenoidi ya kuzima pampu. Weka mita kwenye volti za DC, kipimo cha 20.

Anza upande wa chanya. Ncha nyekundu iguse nguzo ya betri yenyewe, ile risasi, siyo teminali iliyoibana. Ncha nyeusi iguse boliti kubwa ya stata inayopokea waya wa betri, ile inayoandikwa 30. Piga stata. Namba inayoonekana ni volti zilizopotea kati ya pointi hizo mbili. Waya mzuri hupoteza 0.2 au 0.3. Sasa hamishia ncha nyeusi kwenye boliti ya pili ya solenoidi, inayoingiza umeme kwenye mota. Kabla ya kupiga stata itasoma volti 12, usishtuke. Ikishapigwa inapaswa kushuka hadi chini ya 0.5. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili ndiyo inayopotea kwenye shaba za ndani ya solenoidi. Ukipata 0.2 kwa cha kwanza na 1.8 kwa cha pili, umeiona shaba iliyoungua bila kufungua stata.

Upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia injini na bodi, ndio wenye makosa mengi zaidi, na ndio unaorukwa. Ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata palipo na chuma kitupu. Piga stata. Zaidi ya volti 0.3, endelea kugawanya njia: nguzo hadi teminali, teminali hadi boliti ya bodi, bodi hadi injini. Mguso mmoja safi haupotezi hata 0.1. Pale namba inaporuka ndipo pa kufungua, kukwangua rangi na kutu hadi chuma, na kufunga upya.

Injini imekaa juu ya raba, kwa hiyo bila waya au mkanda wa shaba unaoiunganisha na bodi haina njia ya kurudishia umeme. Mkanda huo hukatika, au husahauliwa baada ya injini kushushwa. Mkondo wa stata hautakubali kusimama. Utapita kwenye kebo ya pedali ya mafuta, kebo ya klachi, hata bomba la chuma. Kebo ya mafuta inayopata moto au kukwama baada ya kupiga stata inakuonyesha ethi iliyokufa. Jaribio la haraka: bana waya mzito wa kushtulia betri, upande mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu cha injini. Stata ikipata nguvu ghafla, hapana haja ya kutafuta zaidi.

Jihadhari pia na waya uliofungwa baadaye badala ya ule wa awali. Kuna nyaya zenye mpira mnene na shaba nyembamba ndani. Waya wa stata kwa gari dogo uwe na shaba ya milimita za mraba 25 hadi 35, kipimo cha shaba yenyewe.

Waya mwembamba unaosahaulika

Gari linalowaka asubuhi na kugoma likiwa na moto, kisha kuwaka tena baada ya nusu saa, mara nyingi lina ubovu kwenye waya wa agizo, ule unaofika solenoidi kwenye kituo 50. Kwenye magari mengi ya zamani umeme wake husafiri kutoka betri hadi dashibodi, unapita kwenye swichi ya ufunguo, pengine na swichi ya gia, kisha unarudi hadi stata. Kila kiungo kinakula kidogo. Joto huongeza ukinzani wa koili za solenoidi, na volti zilizobaki hazitoshi tena kuvuta.

Pima kati ya chanya ya betri na kituo 50 wakati ufunguo umegeuzwa. Upotevu wa volti 1 hivi unavumilika. Ukizidi 2, rekebisha. Suluhisho ninaloliamini ni relei ya ampea 40 karibu na stata. Waya wa zamani wa ufunguo unaingia mguu wa relei ulioandikwa 86, 85 inaenda ethi, 30 inapata umeme kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 30, na 87 inaenda solenoidi kwa waya wa milimita za mraba 4. Swichi ya ufunguo inabaki kubeba mkondo mdogo wa relei peke yake, na itadumu zaidi.

Ndani ya stata kwenyewe mambo ni mafupi. Ikizinduka ukiigonga kwa mpini wa nyundo, kaboni zimefupika au chemchemi zake zimechoka. Usiifanye kuwa desturi, ifungue. Ikiwa nzito hasa ikipata moto na inavuta mkondo mwingi, angalia bushi, pete zinazoshikilia rota (sehemu inayozunguka): zikilika, rota hushuka na kusugua kuta za ndani, na alama za msuguano zitakuwa wazi ukishaitoa. Kwenye stata nyingi za Denso, shaba za solenoidi zinauzwa peke yake na hufungwa bila kubadilisha stata nzima.

Inazunguka vizuri lakini haiwaki

Hapo stata haina kesi tena. Angalia moto wa plagi kwa kutumia kipima cheche chenye klipu, kikibanwa vizuri kwenye injini. Kushika waya wa plagi kwa mkono ni hatari, na kuuacha hewani bila kugusa ethi huweza kuua koili.

Kwenye mfumo wa pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme wa koili), fungua kifuniko cha distribyuta. Nyufa nyembamba na mistari myeusi ya kaboni ndani yake ni njia za umeme kukimbilia, hasa kukiwa na unyevu. Nafasi ya pointi kwa injini nyingi za silinda nne ni karibu milimita 0.4, lakini kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Pointi zikiungua haraka baada ya kubadilishwa, kondensa (kihifadhi umeme kidogo kinachozilinda pointi) ni mbovu au hailingani. Koili isiyotumia rezista (kipunguza mkondo) huwa na omu 3 hivi upande wa msingi. Inayotumia rezista ya nje, karibu 1.5. Kuzichanganya ni kosa la kawaida: koili ya omu 1.5 bila rezista yake hupata moto na kuunguza pointi.

Dalili moja ni ya thamani kubwa. Injini ikiwaka ufunguo ukiwa kwenye stata na kuzimika papo hapo unapouachia, rezista hiyo imekatika, au sehemu ya swichi ya ufunguo inayolisha koili wakati wa kutembea imekufa. Wakati wa kupiga stata, koili hulishwa kwa njia nyingine inayoiruka rezista.

Kuchaji, na umeme unaovuja usiku

Injini ikizunguka mara 1,500 hadi 2,000 kwa dakika, taa kubwa na feni zikiwa zimewashwa, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13.2, angalia mkanda kwanza, kisha pima upotevu kati ya boliti kubwa ya alternata na chanya ya betri kama ulivyofanya kwa stata. Juu ya 15, regyuleta (kidhibiti volti cha alternata) imeshindwa na betri inachemka. Geuza mita kwenye AC (umeme wa kugeuka-geuka): zaidi ya volti 0.5 kwenye betri ni dalili ya daiodi iliyokufa, kile kijisehemu cha alternata kinachopitisha umeme upande mmoja tu.

Taa ya betri kwenye dashibodi haipo kwa ajili ya kuonya tu. Kwenye alternata nyingi za zamani, mkondo unaopita ndani ya balbu hiyo ndio unaoiamsha alternata. Ikiwa haiwaki kabisa ufunguo ukiwashwa, badilisha balbu kabla ya kuigusa alternata.

Kuchomoa teminali ya betri injini ikiwaka ili kuona kama alternata inachaji ni tabia inayopaswa kukoma. Betri ndiyo inayomeza mapigo ya volti. Ikiondolewa ghafla, volti huruka hadi makumi na kuua daiodi, regyuleta na kompyuta. Mita inakupa jibu bora bila hasara yoyote.

Betri inayokufa usiku wakati kuchaji ni sawa ina kitu kinachoivuta. Zima kila kitu, funga milango, bana swichi ya taa ya boneti na ya buti. Chomoa hasi, weka mita kwenye tundu la ampea 10, iunganishe kati ya nguzo ya hasi na waya wake. Usiguse ufunguo wa stata mita ikiwa hapo. Mkondo wa milliampea 50 au pungufu ni wa kawaida, na gari lisilo na redio wala saa linapaswa kuwa karibu na sifuri. Milliampea 500 ni ampea-saa 12 kwa siku. Betri ya ampea-saa 45 itakuwa nusu tupu kwa siku mbili. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Isipoanguka kwa fyuzi yoyote, chomoa alternata, kwani daiodi iliyopitisha kinyume hailindwi na fyuzi hizo. Redio na kingʼora vilivyoongezwa baadaye ndivyo vya kushukiwa mapema.

Fyuzi inayokatika kila ikiwekwa isibadilishwe kwa kubwa zaidi. Ya ampea 10 nyekundu ikiwekwa ya 30 ya kijani, kitakachoungua sasa ni waya. Toa fyuzi, unganisha ile balbu ya wati 21 mahali pake. Shoti ikiwepo itawaka kwa nguvu zote bila kuunguza kitu. Chomoa vifaa vya sakiti hiyo kimoja kimoja, tikisa nyaya penye bawaba za milango na penye matundu ya bodi, na balbu itazimika au kufifia utakapogusa penyewe.

Ukishaupata waya uliochubuka, kata sehemu yote iliyogeuka nyeusi au kijani hadi ufike kwenye shaba inayong'aa. Unganisha kwa kiungo cha kubana chenye ukubwa unaolingana na waya, ukitumia koleo lake maalum, vuta kwa mkono kuhakikisha, kisha funika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto, ikiwezekana wenye gundi ndani ili maji yasipenye. Kusokota nyaya na kuzifunga selotepu hudumu mpaka gundi iyeyuke kwa joto la injini. Waya ukipita kwenye tundu la bati, uvalishwe raba, na ufungwe mahali usipotikisika.